Pensheni ya Mwalimu na kitanda cha Bi Mkubwa: uchambuzi wa kisa cha Kisauni

Familia ya kisa hiki ni ya mfano. Nimeiunda ili hesabu zisemwe waziwazi bila kumwanika mtu. Sheria, viwango na makato ni vile vilivyo Kenya, na mkazi yeyote wa Mombasa ataitambua nyumba hii bila kuonyeshwa mlango.

Baba ni mwalimu mkuu mstaafu wa shule ya msingi, miaka 72. Anakaa Bakarani, Kisauni, katika nyumba aliyoijenga kwa kiinua mgongo chake. Mkewe, ambaye watoto na majirani humwita Bi Mkubwa, ana miaka 71. Miaka yote aliuza mahamri na mbaazi kibarazani kila asubuhi, na hajawahi kuwa na mwajiri. Watoto ni watatu: kaka mkubwa ni dereva Doha, binti ni karani katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ana miaka 46, ameachika na anaishi hapo hapo kwa wazazi na mwanawe, kitinda mimba ana duka la vipuri vya pikipiki Nairobi.

Bi Mkubwa alipata kiharusi. Alilazwa hospitali ya Coast General, akarudi nyumbani upande wa kulia umepooza na maneno yakitoka nusu nusu. Hawezi kujigeuza kitandani wala kujipeleka msalani. Binti alichukua likizo yake yote ya mwaka, kisha akaomba ruhusa isiyo na malipo. Wanawake wa mtaani walishika zamu kwa moyo safi, lakini kila mmoja ana kwake, na zamu zikapungua moja baada ya nyingine. Ndipo simu ikaja kutoka Doha.

"Dadangu, wewe acha kazi ukae na mama. Pensheni ya baba ipo, na sisi tutakuwa tukiongeza."

Nyumba nzima iliona ni neno la busara. Mjomba wao, ndugu wa Bi Mkubwa, aliliunga mkono kwa sababu ambayo Pwani haina mjadala: mama huogeshwa na mwana wa kike, sitara yake ihifadhike. Binti mwenyewe alikuwa ameshaanza kuandika barua ya kujiuzulu. Naamini barua ile ingekuwa hasara kubwa kuliko ugonjwa wenyewe, na hesabu ndiyo inayonifanya niseme hivyo.

Pensheni yenyewe

Mwalimu alistaafu mwaka 2013 baada ya miaka 35 ya kazi, yaani miezi 420, mshahara wake wa msingi ukiwa KSh 40,000. Kanuni ya pensheni ya watumishi wa umma wa mpango wa zamani ni rahisi: chukua miezi ya utumishi, igawe kwa 480, zidisha kwa mshahara wa mwaka. Kwake inatoka KSh 420,000 kwa mwaka. Robo yake hugeuzwa mkupuo kwa kuizidisha mara ishirini, naye akapokea KSh 2,100,000 ambazo leo ni kuta na mabati ya Bakarani. Robo tatu zilizobaki ndizo pensheni ya kila mwezi: KSh 26,250.

Nyongeza ni asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Ameshaipata mara sita, na sasa anapokea kama KSh 31,300. Ukitazama nambari peke yake, pensheni imepanda. Lakini Benki Kuu yenyewe hulenga mfumuko wa bei wa asilimia 5 kwa mwaka, ikikubali upungue au uzidi kwa mbili na nusu. Tuseme bei zilifuata lengo hilo barabara tangu 2013: Mwalimu angehitaji KSh 47,000 leo kununua kile alichonunua kwa 26,250. Kwa hiyo kabla kiharusi hakijabisha hodi, theluthi ya pensheni ilikuwa imeshaliwa na soko la Kongowea bila mtu kuitisha kikao.

Afadhali moja ni kodi. Pensheni ya mwezi ya mtu wa miaka 65 na zaidi haikatwi kodi, na tangu tarehe 27 Desemba 2024 msamaha huo umepanuliwa kwa wanaostaafu kwa umri uliowekwa. Anachoandikiwa Mwalimu ndicho anachopata.

Kitanda kinagharimu nini

Kwa mtu wa kumhudumia Bi Mkubwa mchana, nimechukua kiwango cha sheria badala ya bei ya mtaani. Novemba 2024, kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika miji mikubwa, Mombasa ikiwemo, kiliwekwa kuwa KSh 16,113.75. Kama mfanyakazi hakai kwako usiku, ongeza posho ya nyumba ya asilimia 15, ifike kama 18,530. Mwajiri naye anadaiwa asilimia 6 ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni, na asilimia 1.5 ya ushuru wa nyumba. Jumla ni KSh 20,000 kasoro kidogo.

Nepi za watu wazima na mafuta ya kuzuia vidonda vya mgongoni, tuseme 5,500. Dawa za presha na za kuzuia damu kuganda, 3,500. Mtaalamu wa viungo anayekuja nyumbani mara mbili kwa mwezi, 3,000. Zote pamoja ni KSh 32,000.

Pensheni ni 31,300. Hata ikichukuliwa yote, na Mwalimu asile, asilipe stima wala maji, asinunue dawa zake mwenyewe, bado haitoshi. Maneno "pensheni ya baba ipo" yalikuwa yamesemwa na mtu ambaye hakuwahi kuuliza ni ngapi.

Kuna watakaoniambia: mbona dada wa kazi hupatikana kwa elfu nane? Hupatikana, najua. Lakini huyo wa elfu nane naye ni mwanamke atakayezeeka. Hana NSSF, hana akiba, na akipata kiharusi chake kule Kaloleni au Kinango, nani atamgeuza? Tukimlipa chini ya sheria, gharama ya kitanda cha Bi Mkubwa haijapungua. Tumemhamishia mtu asiye na sauti kwenye kikao chetu.

Barua ya binti

Binti analipwa KSh 45,000. Akijiuzulu, familia inaokoa elfu ishirini za msaidizi na kupoteza elfu arobaini na tano. Mtoto wa darasa la nne angeikataa biashara hiyo. Kwa nini basi watu wazima, mmoja wao mwalimu wa hesabu, waliikubali? Kwa sababu elfu ishirini zingetoka kwenye mifuko ya wote, na arobaini na tano zilikuwa za binti peke yake. Hasara ya mtu mmoja ndani ya nyumba haina daftari.

Kisha kuna hasara ambayo hata yeye hakuiona. Mpaka mwanzoni mwa 2023 wafanyakazi wengi walikuwa wakikatwa NSSF ya KSh 200 kwa mwezi, mwajiri akiongeza 200. Miaka kumi na minane ya makato ya namna hiyo, bila riba, ni KSh 86,400. Huwezi kuzeeka kwa fedha hiyo. Sheria ya NSSF ya 2013, iliyokwama mahakamani karibu miaka kumi, ilianza kutekelezwa Februari 2023: asilimia 6 kutoka kwa mfanyakazi na asilimia 6 kutoka kwa mwajiri, kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kikipanda hatua kwa hatua. Hatua ya Februari 2025 ilikifikisha KSh 72,000, kwa hiyo mshahara wote wa binti umeingia ndani. Anakatwa 2,700, mwajiri anatia 2,700. 5,400 kila mwezi.

Kutoka miaka 46 hadi 60 kuna miezi 168. Mara 5,400 ni KSh 907,200 kabla ya riba, na nusu yake ni fedha ya mwajiri ambayo haitapatikana popote pengine. Yaani binti alikuwa anaacha kazi wakati ule ule ambapo makato yameanza kuwa na maana. Angeilinda pensheni ya babake kwa kuiua yake, na miaka ishirini baadaye mwanawe, aliye kidato cha tatu sasa, angepigiwa simu kama ile ya Doha.

Hapa ndipo mjadala wa nchi unaponikera. Tukizungumzia kulinda pensheni, tunamwona mzee aliyekwisha staafu tu. Katika nyumba hii kuna pensheni tatu za kulindwa: ya Mwalimu, ya binti, na ya dada atakayeajiriwa. Mpango wowote wa kumtunza mgonjwa unaookoa moja kwa kuzamisha mbili haujaokoa kitu.

Kadi iko kwa nani

Jambo ambalo kikao hakikutaka kuligusa ni kadi ya benki. Tangu Bi Mkubwa augue, kadi ya Mwalimu na namba yake ya siri vilikuwa kwa binti, maana ndiye apitaye mjini kila siku. Hakuna aliyemshuku, nami simshuku. Lakini Mwalimu alikuwa ameanza kuomba mia mbili ya gazeti na kahawa. Mtu aliyesimamia shule nzima anaomba mia mbili kutoka kwenye fedha yake mwenyewe.

Na kitinda mimba alikuwa na wazo lake: benki kadhaa hukopesha wastaafu ambao pensheni zao hupitia kwao, basi achukuliwe mkopo wa kununua kitanda cha hospitali na kulipia mwaka wa kwanza wa huduma. Napinga kwa nguvu zote. Mkopo wa namna hiyo unakatwa juu kwa juu kabla fedha haijamfikia mzee. Mgonjwa aweza kufariki kabla ya deni, na deni likabaki na mumewe. Kitanda chenyewe huweza kuazimwa au kununuliwa kilichotumika. Pia hakuna aliyewahi kuuliza idara ya pensheni nini hubaki kwa mke ikiwa Mwalimu ndiye atakayetangulia. Dawati la kuulizia lipo Huduma Centre, jengo la Posta, Digo Road. Swali hilo huulizwa mzee akiwa hai, na aulize mwenyewe.

Serikali imesimama wapi

Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema mzee ana haki ya kupata matunzo na msaada wa kiasi kinachofaa kutoka kwa familia yake na kutoka kwa Dola. Vyote viwili, kwa pamoja. Kifungu cha 43 kinaitaka Dola iwape hifadhi ya jamii wasioweza kujikimu.

Kwa vitendo, kuna Inua Jamii: KSh 2,000 kwa mwezi kwa wenye miaka 70 na zaidi wasiopokea pensheni. Mwalimu hafai kwa kuwa ana pensheni. Bi Mkubwa anafaa kwa umri na kwa kutokuwa na pensheni, lakini usajili hufunguliwa kwa awamu, naye awamu ilipofunguliwa alikuwa bado hajatimiza miaka. Njia nyingine ni fungu la watu wenye ulemavu mkali wanaohitaji kuangaliwa saa zote, ambalo pia ni 2,000. Huwezi kupokea mafungu yote mawili. Kiwango hicho hakijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Mbele ya gharama ya 32,000 ni sehemu moja ya kumi na sita.

SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024, inashughulikia matibabu. Inaweza kumsaidia Bi Mkubwa akilazwa tena. Haimlipi mtu wa kumgeuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usichubuke, na hiyo ndiyo kazi inayomweka hai.

Wapo wanaosema, na si wajinga, kwamba wastaafu wa serikali wamependelewa: wazee wengi wa Kenya hawana pensheni yoyote, basi kwa nini kodi ilipe elfu thelathini kwa mmoja na elfu mbili kwa mwingine? Deni la pensheni ni zito kweli. Mpango wa kina Mwalimu haukuwekewa akiba. Unalipwa moja kwa moja na kodi ya kila mwaka, na ndiyo maana mpango mpya ulianza Januari 2021, ambapo mtumishi hufikia kuchangia asilimia 7.5 na serikali 15. Lakini pensheni ni mshahara uliocheleweshwa, na aliyefundisha miaka 35 ameshaifanya kazi yake. Kuigeuza mfuko wa kulipia matunzo kuna kasoro nyingine kubwa zaidi: kiharusi hakichagui, na aliyeangukiwa analipa yote huku jirani yake mwenye pensheni sawa halipi hata senti.

Uingereza wamebishana juu ya jambo hili kwa muda mrefu. Pensheni yao ya serikali imekingwa tangu 2011 kwa kanuni ya kupanda kila mwaka kwa kile kilicho kikubwa kati ya mishahara, bei, au asilimia 2.5. Mwaka huo huo tume ya Dilnot ilipendekeza kikomo cha fedha ambazo mtu atatoa mfukoni kwa matunzo katika maisha yake. Kikomo kikapangwa kuwa pauni 86,000, kikaahirishwa, na Julai 2024 serikali ikakifuta. Mzee wa England anayelipiwa makao na halmashauri huchangia karibu pensheni yake yote na kubakiziwa kidogo ya matumizi. Kumbe hata kwenye kinga imara, pensheni hupitia dirishani ikaenda kulipia kitanda. Ujerumani mwaka 1995 na Japani mwaka 2000 walianzisha bima ya matunzo ya pekee: kila mtu anachangia kidogo akiwa na nguvu, na wastaafu pia huchangia, ila ni kiasi kinachojulikana mapema.

Ninachotamani kuazima kwao hakihitaji mabilioni kwa siku moja. Uingereza, anayemtunza mgonjwa saa 20 au zaidi kwa wiki aweza kuhesabiwa muda huo kwenye rekodi ya pensheni yake. Ujerumani, bima ya matunzo humlipia michango ya uzeeni jamaa anayeuguza. Kwetu, binti akiacha kazi leo, rekodi yake ya NSSF inanyamaza. Anaweza kujichangia mwenyewe kupitia Haba Haba, mpango wa NSSF wa kujichangia, shilingi 25 kwa siku, yaani 750 kwa mwezi badala ya 5,400, na hizo 25 azitoe wapi?

Kikao

Walikaa Jumapili baada ya Alasiri, wa mbali wakiwa kwenye simu. Mjomba aliongoza. Binti alisoma hesabu, na kaka mkubwa akanyamaza muda mrefu kuliko ilivyo kawaida yake.

Mwalimu alisema maneno machache. "Pensheni yangu nimeitumikia. Sitaki kuila peke yangu, lakini nataka kuulizwa."

Walikubaliana pensheni itoe KSh 10,000 na isizidi hapo. Doha 12,000, Nairobi 6,000, binti 4,000 kwa kuwa usiku ni wake. Msaidizi wa kike aajiriwe kwa kiwango cha sheria na aandikishwe NSSF, jambo ambalo kitinda mimba aliliita uzungu mpaka dadake alipomuuliza kama anamfahamu mzungu yeyote anayezeeka Kinango. Kadi irudi kwa Mwalimu. Akitaka kutumwa mtu benki, atatuma. Mjomba aliporudia suala la sitara, Mwalimu alimkumbusha kuwa mume ni mume: kumbadilisha mkewe mchana kutwa msaidizi akiwa jikoni si aibu kwake. Mgongo wake hauruhusu kumwinua peke yake, lakini kwa watu wawili anaweza, na amekuwa akifanya.

Barua ya kujiuzulu haikupelekwa.

Doha ililipa miezi miwili kamili, wa tatu ikatuma nusu. Saa za ziada za kaka zilipunguzwa kazini. Pengo la 6,000 halikuchukuliwa kwenye pensheni. Lilijazwa kwa kumsimamisha mtaalamu wa viungo, ambaye kwanza alimfundisha msaidizi mazoezi mepesi, na kwa binti kuongeza 3,000 zilizoandikwa daftarini kama deni la kaka. Si suluhisho la kudumu: mazoezi ya mwanzo baada ya kiharusi ndiyo yenye faida kubwa, na kuyapunguza ni kuahirisha gharama. Jina la Bi Mkubwa liko kwa afisa wa ustawi wa jamii likisubiri awamu, na fomu ya tathmini ya ulemavu inangoja siku ya daktari.

Na usiku bado ni wa binti. Anaamka kumgeuza mamake mara tatu, alfajiri anavuka daraja la Nyali kwenda Shimanzi, na kazini wameshaanza kuona makosa kwenye hati. Mtu wa pili wa kulala naye kwa zamu angegharimu sawa na yule wa mchana, elfu ishirini nyingine. Kwa mapato ya nyumba hii na kwa sheria zilivyo, elfu ishirini hizo hazipo.